Aliyeolewa kwa Ng'ombe wa Robi

Wivu hauna shule. Ungekuwa na shule, Mwalimu Wangwe asingeukaribisha nyumbani kwake, maana shule yeye ameisoma na kuifundisha. Miaka kumi na sita amefundisha Kiingereza katika sekondari moja ya kata huku Kenyamonta. Ni mkuu wa idara ya lugha, na wanafunzi wanamwita Mista Tensi, kwa sababu haingii darasani bila kuzigawa nyakati za vitenzi ubaoni kama mtu anayegawa shamba la urithi. Kwa heshima hiyo aliishi vizuri, mpaka Ijumaa moja jioni.

Mkewe Scholastica alikuwa jikoni anachambua mchicha. Naye ni mwalimu wa Kiingereza wa siku nyingi, ila wa shule ya msingi. Watoto wa makamasi, ndivyo Wangwe alivyozoea kuwaita wanafunzi wa mkewe. Simu ya Scholastica ikalia dirishani. Akajifuta mikono kwenye kanga, akasoma, akasoma tena, halafu akaja kusimama kwenye mlango wa sebule.

"Baba Nice," akasema, "wamenichukua."

"Nani?"

"Wale wa Thailand."

Wangwe alikuwa anasahihisha madaftari. Akaendelea kusahihisha. Mtoto wa watu aliyepata jibu sahihi alikula kosa siku hiyo, wala hajui mpaka leo kwa nini.

"Soma vizuri," Wangwe akasema bila kuinua kichwa. "Inawezekana wamekushukuru tu kwa kuomba."

"Nimesoma. Wanasema nianze muhula unaokuja. Tiketi wanalipa wao, na nyumba wanatoa."

"Na mshahara?"

Scholastica akasita. Alimjua mumewe. "Kwa hela yetu inafika kama milioni mbili na laki nane."

Wangwe akafunika kalamu. Hesabu aliyoifanya kichwani haikuhitaji karatasi: ilikuwa zaidi ya mara mbili ya mshahara wake, naye ndiye mwenye shahada ya miaka mitatu chuoni, huku mkewe akiwa amesoma yake kwa masafa, likizo baada ya likizo, mtoto mgongoni.

"Hongera," akasema. Neno lenyewe lilitoka kavu kama limepikwa bila mafuta.

Sasa nikueleze jambo ambalo Wangwe hakulitoa nje ya nyumba yake. Tangazo la kazi ile alilipata yeye. Barua ya maombi alianza kuandika yeye, na alipomaliza ndipo akamwambia mkewe, "Na wewe jaribu, upate uzoefu." Siku ya usaili wa video kwenye simu alitangulia yeye, koti na tai, Scholastica akiwa amemshikia simu na kumnyooshea kola. Wahojaji wawili, mwanamke na mwanamume, wakamwambia awafundishe kitu chochote kwa dakika kumi. Akawafundisha nyakati zote kumi na mbili. Walijaribu kumkatiza mara mbili, akawaomba wasubiri amalize. Kisha ikawa zamu ya Scholastica. Wangwe akatoka nje ampe nafasi, na akiwa uani akasikia vicheko kutoka kwenye simu. Akajua mkewe anachekwa. Akamwonea huruma kabisa, tena huruma ya kweli.

Jumanne ya wiki ile alikuwa ameletewa jibu lake: wanasikitika. Akalifuta. Chakula cha jioni kilipokuja akamwambia mkewe, "Wale wa Thailand nimewaandikia kwamba sitaki. Ni matapeli wale, hawachukui Waafrika." Scholastica akamtazama kidogo, akamwongezea mboga.

Kwa hiyo Ijumaa ile, matapeli walipomchukua mkewe, Wangwe hakuwa na pa kushika.

*

Jumamosi alikwenda Mugumu kununua chaki za rangi na betri za redio. Kwenye duka la Shamsudin alikuta watu watatu wanne wamekaa barazani, na Shamsudin mwenyewe akainuka kwenye kiti akiwa amefungua mikono.

"Mwalimu! Hongera sana. Habari zimefika. Yaani tunakaa na mtu mkubwa hapa, hatujui."

"Habari gani?"

"Usifiche, bwana. Tumesikia kwa Mwalimu Wangwe kuna mtu anakwenda ng'ambo kufundisha Kiingereza. Nani mwingine kama si wewe? Mimi nilisema siku nyingi, yule Kiingereza chake kimezidi wilaya hii."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ukweli, tena pana. Ilitosha kusema, "Ni mama Nice." Maneno mawili matatu. Lakini watu wa barazani walikuwa wanamtazama kwa namna ambayo hakutazamwa siku nyingi, na soda baridi ilikuwa imeshafunguliwa.

"Mungu akipenda," Wangwe akasema.

Shamsudin akamletea begi kubwa jeusi la magurudumu. Akamwambia bei ya dukani, kisha akapunguza, kisha akapunguza tena kwa ajili ya urafiki. Mtu anayesafiri hawezi kukataa begi. Wangwe akalipa hela ya chaki, ya betri, na ya juma zima, akarudi Kenyamonta kwa bodaboda begi likiwa limefungwa nyuma kwa mpira.

Scholastica alilikuta sebuleni. Akalifungua zipu zote, akalifunga. Akakaa chini pembeni yake.

"Baba Nice, umeninunulia begi?"

Wangwe akaangalia ukutani. "Sasa ulitaka uende na mfuko wa rambo?"

Mwanamke akalia. Alisema alikuwa anaogopa tangu jana, alidhani amekasirika, kumbe anamtengenezea safari. Akamwita mume mwema. Akamchinjia kuku. Wangwe akala yule kuku wote na hakuna kipande kilichompendeza.

Wiki iliyofuata alilazimika kwenda Mugumu tena. Safari hii hakuna aliyeinuka.

"Mwalimu," Shamsudin akasema akiwa anahesabu misumari ya mteja, "kumbe lile begi ni la mama!"

Watu wa barazani wakacheka. Hawakucheka sana. Walicheka kama watu wanaocheka jambo walilokwisha kulicheka jana.

"Sasa wewe utabaki unalea?" mmoja akauliza. "Usijali, hata ugali ni kazi."

Wangwe alinunua alichofuata, akasahau chenji yake, na akaona aibu kurudi kuichukua. Njia nzima hakuwaza kuhusu wale waliocheka. Aliwaza kuhusu Scholastica. Aliona kama ndiye aliyewatuma. Alipofika Kenyamonta alikuwa ameshakata shauri: haendi mtu.

*

Lakini kumzuia mke kwa mdomo wako ni jambo moja, na kumzuia ukaonekana una haki ni jambo lingine. Wangwe alitaka la pili. Akampigia simu dada yake Robi.

Na hapa lazima ujue habari ya ng'ombe. Robi ni mkubwa wa Wangwe kwa miaka mitano. Alipoolewa, ng'ombe waliotolewa kwake ndio waliowekwa zizini wakamngoja mdogo wake akue, na walipozaana, hao hao wakatolewa mahari ya Scholastica. Kwa Wakurya jambo kama hilo halisahauliki. Mke aliyeolewa kwa ng'ombe wa dada, dada ana neno juu yake. Wangwe alijua Robi akisema "hapana", hata kaka zake Scholastica watanyamaza. Tena Robi hakuwa mtu wa mchezo. Ni mjane anayeuza nguo mpakani Sirari, anabishana na madereva wa malori na wabadilisha fedha tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyewahi kumpunja.

Walikutana Jumapili baada ya kanisa, Tarime, nyumbani kwa baba yao mdogo, Mzee Kisyeri. Upande wa mke alikuja Filemoni, kaka yake Scholastica, mtu mpole mwenye baiskeli safi. Watu wakasalimiana, shikamoo zikapita, chai ikamiminwa.

"Haya, mura, kijana wangu," Mzee Kisyeri akasema. "Wewe ndiye umetuita."

Wangwe alisimama. Kukaa na kuongea hajui.

"Wazee wangu, sina ugomvi na mtu. Nauliza tu. Mwanamke anaacha mji wake, anaacha watoto wawili, anakwenda kukaa kwa watu asiowajua, na mimi nabaki. Hiyo ni mila ya wapi?"

"Anakwenda kufanya nini?" mzee akauliza, ingawa alikuwa anajua.

"Kufundisha Kiingereza."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka mmoja, baba," Scholastica akajibu mwenyewe, kwa sauti ya chini. "Nice anamaliza la saba. Nilitaka tumtafutie shule nzuri. Na ile nyumba yetu haijaezekwa."

Robi alikuwa anakoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. Akaweka kijiko.

"Wangwe, sasa mimi sielewi. Kiingereza si ndiyo kazi yako? Nyumba nzima tuliambiwa unakijua kuliko wenyewe. Hiyo kazi, si wewe ungeaplai?"

Mzee Kisyeri akamgeukia Wangwe.

"Mimi sikuomba," Wangwe akasema.

"Hukuomba?"

"Sikuomba. Sina haja ya kwenda kuhangaika ugenini."

Robi akamgeukia wifi yake. "Ni kweli, Schola?"

Scholastica alikuwa anaangalia mikono yake. Wangwe akaona sasa ndipo atakapovuliwa nguo. Koti litatajwa, na tai, na dakika kumi. Akajiandaa kukana.

"Ni kweli, dada," Scholastica akasema. "Hakuomba. Alinisaidia mimi tu."

Ungedhani mtu aliyefichiwa aibu yake atashukuru. Wengine hushukuru. Wangwe alihisi kitu kinapanda kifuani mpaka kooni. Kumbe alijua kwamba walimkataa! Alijua siku zote, tangu jioni ile alipomwongezea mboga. Alikuwa anamhurumia, huyu wa watoto wa makamasi, anamhurumia Mista Tensi, na sasa anamhurumia mbele ya watu. Kicheko cha Mugumu kilikuwa afadhali. Anayekucheka unaweza kumchukia mchana kweupe, lakini anayekusitiri utamfanya nini?

"Kama anakwenda," Wangwe akasema, "ng'ombe warudi."

Filemoni aliweka kikombe chini taratibu. Neno lile halisemwi hivi hivi. Ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha. Mwanamke anahesabiwa kwao tena, na hakuna anayeuliza mwaka mmoja wala miwili.

Mzee Kisyeri akajikuna shingo. "Umesema nini, mura? Masikio yangu siku hizi yameharibika."

Hayakuwa yameharibika. Mzee yule husikia mbuzi akikohoa ng'ambo ya mto. Alikuwa anamfungulia mtoto wake mlango apite, aseme, "Nimesema chai ni nzuri," na mambo yaishe. Kila mtu mle ndani alielewa, isipokuwa mwalimu. Mwalimu akiambiwa hajasikika, hurudia kwa nguvu zaidi.

"Nimesema ng'ombe warudi," Wangwe akarudia, kwa sauti ya darasani. "Arudishe ng'ombe, aende anakotaka."

"Tumesikia," Filemoni akasema. Akainuka kuvaa kofia yake. "Shemeji, sisi ng'ombe tutatafuta. Dada yangu, chukua mkoba wako."

"Kaa chini, Filemoni," Robi akasema.

Hakupaza sauti. Filemoni akakaa.

"Wangwe, ng'ombe za nani?"

"Zilizotolewa kwao."

"Nakuuliza za nani."

Wangwe akaketi.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," Robi akasema. "Nilikuwa nimefaulu kwenda sekondari. Baba akasema kijana ataoa na nini? Nikapelekwa kwa mzee mwenye meno manne. Nimekaa naye mpaka nimemzika. Zile ng'ombe ni mimi mwenyewe, Wangwe. Wewe huna ng'ombe ya kudai hapa. Mwenye kudai ni mimi, na mimi sidai. Schola ni mke wa nyumba hii, atakwenda, na atarudi kwenye nyumba hii."

Wangwe akataka kusema. Robi akainua kidole.

"Bado. Ng'ombe ni zangu, lakini neno ni lako, na kaka yake amelisikia. Mimi siwezi kulirudisha kwa niaba yako. Atakaa kwangu Sirari na watoto mpaka siku ya safari. Kabla hajavuka mpaka, wewe mwenyewe umfuate, umwombe msamaha kwa mdomo wako. Ukifanya hivyo, akirudi atashukia kwako. Usipofanya, atashukia kwangu, na watoto watakaa kwangu, na wewe utakuwa ndugu yangu tu. Baba, nimekosea?"

"Hujakosea," Mzee Kisyeri akasema. Masikio yalikuwa yamepona.

*

Nyumba isiyo na watoto ina kelele zake. Wangwe alizisikia zote: bati, panya, bomba. Alipika ugali ukawa na mabuja, akaula hivyo hivyo. Shuleni mkuu alisimama mbele ya walimu wote, akampongeza kwa mafanikio ya mke wake na kumwomba afikishe salamu za ofisi. Walimu wakapiga makofi. Wangwe akasema atafikisha, wakati hajui hata kama simu yake itapokelewa.

Lakini alikuwa anampenda mke wake, tusimwonee. Alimkosa. Alikosa hata zile nyimbo za watoto anazoimba akifua. Usiku alipanga maneno. Akayafupisha, akaondoa sababu na visingizio, maana alijua mkewe hapendi hotuba, mpaka yakabaki haya: "Mama Nice, nilikosea. Nisamehe." Akayasema peke yake akiwa anafunga viatu, na yalimtoka bila shida. Mtoto wake Nice alimpigia kumwambia siku na saa ya basi la Nairobi, akamwongezea, "Baba, shangazi anasema usichelewe."

Hakuchelewa. Alifika Sirari asubuhi watu wakiwa bado wanafungua vibanda, wabadilisha fedha wakipiga kelele za shilingi kwa shilingi, mawakala wakikimbia na makaratasi ya malori. Aliwaona kwa mbali: Robi, Nice, mdogo wake Nelson, na Filemoni aliyeshika lile begi jeusi. Scholastica alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vipya. Alikuwa amesuka. Alionekana kama mwalimu wa mtu mwingine.

Robi alimwona, akawashika watoto mabega, akawasogeza pembeni na Filemoni. Wakabaki wawili.

"Umekuja, Baba Nice," Scholastica akasema. Sauti yake ilikuwa imengoja jambo. Hata macho yalikuwa yamengoja. Wangwe angeweza kuapa kwamba ameshasamehewa, na kilichobaki ni kutamka tu.

"Nimekuja."

"Watoto wamefurahi."

"Ndiyo."

Simu ya Scholastica ikalia, akaitazama haraka. "Ni yule mama wa shule ya kule," akasema, na hakuweza kuzuia tabasamu. "Wanauliza kama nimeanza safari. Wanasema watoto wameshaandika jina langu mlangoni mwa darasa."

Maneno ya Wangwe yalikuwa mdomoni. Nilikosea, nisamehe. Yalikuwa pale kabisa, nyuma ya meno. Lakini aliuona ule mlango wa darasa, na jina lililoandikwa, na halikuwa lake. Kikampanda tena kile kitu kutoka kifuani, kikayasukuma yale maneno pembeni, kikatoka chenyewe.

"Siku ile ya usaili," akasema, "walikuuliza nini wewe, ambacho mimi hawakuniuliza?"

Tabasamu la Scholastica halikuondoka mara moja. Lilikawia kidogo, kama mgeni anayetafuta viatu vyake. Akarudisha simu mkobani. Alimtazama mume wake usoni muda mrefu, naye hakuwa na hasira, na ndicho kilichomtisha Wangwe.

"Maswali yalikuwa yale yale, Mwalimu," akasema.

Miaka kumi na mitatu alikuwa amemwita Baba Nice, hata walipogombana, hata alipokuwa na uchungu wa kuzaa. Akampa mkono kama wanavyopeana walimu kwenye kikao, akamwita Filemoni na begi, akawakumbatia watoto mmoja mmoja, akampigia Robi goti. Kisha akapita kwenye mlango wa uhamiaji, na watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakamfunika.

Robi alikuja akasimama karibu na mdogo wake. Alikuwa amewashika watoto mikono, huku mmoja, huku mmoja.

"Umemwambia?" akauliza.

Wangwe aliangalia kule foleni ilikoishia.

"Ameniaga," akasema.

Robi alingoja aendelee. Alipoona hakuna kinachoendelea, akawaambia watoto wamwamkie baba yao vizuri, wamuage, waende naye, kwa sababu duka lake lilikuwa bado halijafunguliwa.